Kununua Motokaa Iliyokwisha Tumika

Na mwanafunzi wa zamani



Mhariri ameniomba niandike somo litakalowafaa wanafunzi walio bado madarasani, na pia ndugu zetu waliokwisha maliza na kuanza kupata mishahara. Nimefikiri sana, nikaona ya kuwa sina somo bora kuliko hili la kazi yangu. Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa ni fundi wa magari hapa Kamembe. Kila mara huja mtu gerejini na gari dogo alilolinunua juzi, akaniambia, "Fundi, hebu litazame." Nami hulitazama, na mara nyingi hutamani angalikuja wiki moja kabla. Maana fundi akiitwa kabla ya kununua, kazi yake ni ya nusu siku. Akiitwa baadaye, kazi yake haina mwisho.

Kabla ya kuanza nitawaeleza jinsi nilivyojifunza mimi mwenyewe, kwa sababu ada ya somo hili ililipwa na baba yangu mdogo.

Gari la baba mdogo

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya yetu ya Rusizi. Alikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, na mkopo huo ulikatwa katika mshahara wake kwa miezi 48. Mimi nilikuwa katika mwaka wa tano wa sekondari, nikisoma fizikia. Akanichukua kwenda Kigali pamoja naye. "Wewe umesoma habari za joto na mashine," alisema, "nami nimesoma kufundisha watoto tu. Twende, unisaidie kutazama."

Tulipanda basi alfajiri, tukapita msitu wa Nyungwe na mji wa Huye, tukafika Kigali mchana. Mwuzaji alikuwa mtu mwenye adabu nyingi. Gari lilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1998, jeupe, limeoshwa hata linang'aa. Injini nayo ilikuwa imeoshwa. Tulipofika tulilikuta linanguruma. "Mwalimu, nimelipasha moto ili usisumbuke kungoja," alisema. Baba mdogo akamshukuru. Mimi niliweka mkono juu ya boneti, nikaona ina joto, nikafurahi, nikidhani hiyo ndiyo dalili ya injini yenye afya. Tulizunguka mtaa mmoja wa tambarare kwa dakika kumi. Tulikuwa na haraka, kwa maana tulitaka kuupita msitu kabla ya usiku. Fedha zikahesabiwa.

Mpaka Huye gari lilikwenda vizuri. Tulipopita Nyamagabe na kuanza kupanda kuelekea Kitabi, mshale wa joto ukaanza kupanda pamoja nasi. Katikati ya msitu mvuke ukatoka chini ya boneti, na injini ikazimika. Tulikaa kando ya barabara gizani, katika baridi, mpaka dereva mmoja wa lori akatuonea huruma. Fundi wa Kamembe alipoifungua injini alikuta kichwa chake kimepinda, na gasketi yake imeungua tangu zamani. Mtu alikuwa ametia dawa ya kuziba ndani ya maji ili gari lipate kuishi mpaka siku ya kuuzwa.

Basi baba mdogo aliendesha gari lake siku moja, akalilipia miezi 48. Likakaa chini ya mparachichi, kuku wakataga mayai ndani yake, naye kila asubuhi akalipita kwa miguu akienda shuleni. Hakunilaumu hata mara moja. Lakini mimi nilijua ya kuwa majibu ya mtihani ule yote yalikuwa ndani ya daftari langu la fizikia, nami sikutumia hata moja.

Sasa twende katika somo. Nalo kwa ufupi ni hili: ulize gari, usimwulize mwuzaji. Mwuzaji husema analotaka kusema. Gari husema lilivyo, mradi ulipe nafasi ya kusema.

Kwanza: Likute gari likiwa baridi

Tabibu hapendi mgonjwa ameze dawa ya maumivu kabla ya kupimwa. Na injini ni vivyo hivyo. Injini iliyopashwa moto huwaka kwa urahisi, kelele zake za asubuhi zimekwisha nyamaza, na moshi wake wa kwanza umekwenda na upepo. Kwa hiyo mwambie mwuzaji tangu jana, "Tafadhali usiliwashe mpaka nifike." Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, usigombane naye. Sema tu ya kuwa utangoja mpaka ipoe, au utarudi kesho asubuhi. Mtu mwenye gari zuri hatakasirika.

Tazama pia pale chini lilipolala usiku. Matone meusi ni oili ya injini. Matone mekundu huenda yakatoka katika gia za kujiendesha zenyewe. Matone ya kijani au ya waridi ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa. Injini iliyooshwa siku ya kuuza isikufurahishe, kwa maana aliyeosha vumbi ameosha na alama za kuvuja. Mwombe mwuzaji uliendeshe kwa saa moja, kisha utazame tena.

Pili: Soma karatasi kabla ya kusoma injini

Katika Rwanda magari huandikishwa na Rwanda Revenue Authority, na hati yake ndiyo ile kadi ya manjano ambayo kila mtu aijua. Jina lililo katika kadi na liwe jina la mtu anayekuuzia, au awe na barua halali ya mwenye gari. Linganisha namba ya chesisi iliyo katika kadi na ile iliyopigwa katika chuma cha gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi na tarakimu 17. Zihesabu moja moja, na uzipapase kwa kidole. Chuma kilichokatwa na kuchomelewa upya pembeni mwa namba hizo ni sababu ya kwenda zako bila kuaga. Uliza pia habari za bima, cheti cha ukaguzi, na faini ambazo hazijalipwa. Na ukumbuke ya kuwa cheti cha ukaguzi husema jinsi gari lilivyokuwa siku ile lilipopimwa, wala hakiapi kwa ajili ya leo.

Liko jambo moja linalotuhusu sisi wa mpakani. Ng'ambo ya mto wetu ni Bukavu, na huko twaona magari mengi yenye usukani wa kulia, yaliyotoka Japani. Bei yake huvutia sana. Lakini sisi huendesha upande wa kulia wa barabara, na Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2005 kuingizwa kwa magari madogo yenye usukani wa namna hiyo. Mtu akinunua kwa bei rahisi gari lisiloweza kuandikishwa, hakununua gari, amenunua vipuri. Tena yako magari ambayo usukani wake umehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Haya utayatambua kwa dashibodi iliyokatwa na kuungwa, na kwa waipa zinazomfagilia vizuri abiria kuliko dereva. Usukani na breki ni vitu vya uhai. Sipendi kuvipanda vikiwa vimeungwaungwa.

Tatu: Mwili wa gari

Litazame gari mchana, likiwa kavu. Maji ya mvua huficha mikwaruzo, na giza huficha kila kitu. Simama mbele yake, uchutame, utazame ubavuni kama mtu anayepima ukuta. Ukiona mawimbi, au rangi ya mlango mmoja si sawa kabisa na ya mwingine, gari limegongwa. Si kosa kugongwa, bali kosa ni kuficha. Chukua sumaku ndogo ndani ya kitambaa. Pale inapokataa kushika bodi ya chuma, pamejazwa putti.

Magari yetu mengi ya zamani yametoka Ulaya, ambako wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Nanyi wanafunzi wa kemia mwajua chumvi na maji hufanya nini kwa chuma. Kwa hiyo inua mazulia, tazama sakafu, tazama pale jeki inapowekwa na pale shokamzoba zinapofungwa. Kutu ya juu juu hufutwa. Kutu inayotobolewa na bisibisi haina dawa rahisi.

Tazama tairi nne na ile ya akiba. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne ndani ya alama ndogo ya yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyolika upande mmoja husema ya kuwa magurudumu hayakunyooka, au viungo vimechoka.

Habari za kilomita, usiziamini namba peke yake, kwa maana hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani, na kiti cha dereva. Gari la kilomita 90,000 halina pedali iliyolika hata chuma kikaonekana.

Nne: Chini ya boneti, kabla ya kuwasha

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si hatari, ni chafu tu. Oili iliyopungua chini ya alama ni dalili ya mwenye gari asiyejali. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni hatari kubwa, kwa maana maji yameingia ndani yake. Fungua na kifuniko cha kujazia oili, utazame chini yake. Hapa kwetu kwenye baridi na unyevu, gari linaloendeshwa safari fupi fupi huweza kuwa na utando mweupe kidogo kwenye kifuniko bila ubaya. Ukiuona na kijitini pia, rudi nyumbani.

Sasa fungua kifuniko cha rejeta. Nasema tena: injini iwe baridi, kwa maana maji ya moto yenye mgandamizo yamewaunguza watu wengi uso. Maji yawe safi, yenye rangi ya dawa yake, yafike juu. Yakiwa ya kutu, au yana mafuta yanayoelea, au yana chembe chembe za dawa ya kuziba, basi umekutana na ndugu wa gari la baba mdogo.

Uliza habari za mkanda wa taimingi, yaani ule unaofunga majira ya valvu na pistoni. Injini nyingine hutumia mkanda wa mpira, ambao yafaa kubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa na mtengenezaji; nyingi ni kama 100,000. Nyingine hutumia mnyororo wa chuma, kama injini ndogo za Toyota Yaris tangu mwaka 1999. Katika injini nyingi mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na gharama hukaribia bei ya injini nyingine. Mwuzaji akisema, "Umebadilishwa," uliza siku gani na kilomita ngapi. Akikosa karatasi, hesabu ya kuwa haukubadilishwa, na uitoe gharama hiyo katika bei.

Tano: Siku ya kuwasha

Fungua swichi, lakini usiwashe bado. Taa ndogo za hatari katika dashibodi, ya oili, ya betri, ya injini, zote ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa globu yake ili isiseme ukweli. Mafundi wengi sasa wana kifaa cha kusoma makosa yaliyoandikwa katika kompyuta ya gari. Magari ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu mwaka 2001 huwa na mahali pa kukichomeka. Kitumie, lakini ujue ya kuwa makosa yaweza kufutwa jana yakarudi wiki ijayo.

Mwombe mwenzako awashe, nawe usimame nyuma, kando ya bomba la moshi. Moshi una lugha yake:

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka mara moja tu asubuhi, huenda mipira ya valvu imechoka. Ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi za pistoni, na hiyo ni kazi kubwa. Injini za Toyota za jamii ya ZZ, zilizotiwa katika Corolla za miaka ya mwanzo ya 2000, zilijulikana kwa kula oili namna hii. Basi ukinunua moja, pima oili kila wiki.

Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mara nyingi dawa yake si ghali.

Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni mvuke tu. Lakini mweupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda.

Sikiliza na mlio. Kugonga kwa valvu ni kama cherehani, huvumilika. Kugonga kizito, kama nyundo ndani ya pipa, ni beringi za krenki. Hapo zima injini, umrudishie mwenyewe ufunguo.

Ukitaka kuwa na hakika zaidi, mlipe fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne. Katika mwinuko wetu hewa ni nyepesi; kwenye mita 1,500 mgandamizo wake ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani. Basi usishangae silinda zote zikisoma chini kidogo ya kitabu. Jambo la maana ni zilingane. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, ndiyo mgonjwa.

Sita: Joto na mlima

Hapa ndipo fizikia ilipotupita mimi na baba mdogo. Mwajua ya kuwa maji huchemka kwa digrii 100 pale pwani. Kando ya ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya bahari, huchemka kama kwenye digrii 95. Ndani ya Nyungwe, ambako barabara hupanda kupita mita 2,400, huchemka kama kwenye digrii 92. Lakini injini nyingi hupenda kufanya kazi karibu na digrii 90. Ni nini basi kinachozuia maji yasichemke kila gari linapopanda? Ni kile kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana maji ndani, mgandamizo hupanda, na maji hayachemki mpaka yapite digrii 110 na zaidi.

Basi kifuniko kilichochoka, kitu cha bei ndogo, au gasketi inayovuja, kinaweza kutoonekana kabisa katika mitaa ya tambarare. Mlima ndio huonyesha. Ndiyo sababu nasema asiyelipandisha gari mlimani hakulijaribu. Baada ya kuendesha, liache lingurume dakika kumi na tano huku limesimama. Mshale wa joto ukae mahali pamoja, na feni ijiwashe na kujizima yenyewe. Tazama maji katika chupa ya akiba. Mapovu yasiyokoma maana yake hewa ya silinda inaingia ndani ya maji, yaani gasketi imekufa.

Saba: Klachi, gia na viungo

Kwa klachi (wengine hapa kwetu huiita ambreyaji) liko jaribio la dakika moja. Simama tambarare, pasipo mtu mbele, vuta breki ya mkono kwa nguvu, tia gia ya tatu, kanyaga petroli kidogo, uachie klachi polepole. Injini yapasa kuzimika. Ikiendelea kunguruma wakati gari limesimama, klachi inateleza. Usirudie mara nyingi, maana si gari lako.

Gia ziingie bila kusaga, hasa ya pili. Ukiteremka, ondoa mguu katika petroli. Gia inayoruka yenyewe inatangaza ugonjwa wa sanduku la gia.

Zungusha usukani mpaka mwisho, kisha uende polepole, kulia na baadaye kushoto. Ukisikia "ta-ta-ta" katika gurudumu la mbele, kadani imekwisha. Mvumo unaoongezeka kwa mwendo ni beringi ya gurudumu. Katika barabara iliyonyooka legeza mikono kidogo. Gari lisikimbilie upande mmoja. Kisha simama, ukandamize kila pembe ya gari kwa uzito wako, uachie. Linapaswa kupanda na kutulia. Likiendelea kucheza kama mtumbwi, shokamzoba, au amortiseri, zimechoka.

Nane: Breki, na njia ya Bugarama

Kabla ya kuwasha injini, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, uwashe. Pedali ikishuka kidogo, msaidizi wa breki ni mzima. Kisha ikanyage kwa nusu dakika. Ikizama polepole mpaka chini, mafuta yanavuja mahali.

Sisi wa Rusizi tumejaliwa uwanja wa majaribio kuliko watu wa tambarare. Kamembe iko karibu mita 1,600, na Bugarama, pale penye mashamba ya mpunga, iko chini ya mita 1,000. Mwombe mwuzaji mwende Bugarama na kurudi, petroli iwe juu yako. Katika kushuka tumia gia, na kanyaga breki mara kwa mara kwa upole. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Gari likivuta upande, breki moja haifanyi kazi. Pedali ikizidi kulegea kadiri mnavyoshuka, mafuta ya breki yamekunywa maji kwa miaka, na sasa yanachemka. Simameni mpaka zipoe. Bugarama kuna joto. Ngojeni kidogo huku injini ikinguruma. Kisha pandeni tena, macho yako yakiwa kwenye mshale. Gari lililorudi Kamembe bila malalamiko limekwisha jibu maswali mengi.

Tisa: Bei, na nguvu ya kuondoka

Usitafute gari lisilo na kosa; lililotumika miaka ishirini halikosi. Gawanya makosa mafungu matatu. La kwanza ni ya kuvumilia, kama redio na mikwaruzo. La pili ni ya kupunguza bei, kama klachi, tairi, shokamzoba na mkanda. La tatu ni ya kuondoka, kama maji ndani ya oili, injini inayogonga, chuma kilichooza, namba zisizolingana.

Mwaka jana dada mmoja muuguzi aliniita tulitazame gari dogo hapa mjini. Lilikuwa baridi, maana alimwomba mwenyewe hivyo. Tukakuta klachi inateleza na kadani moja inalia. Mengine yote mazuri. Niliandika bei za vipuri na kazi katika karatasi, dada akamwonyesha mwuzaji kwa heshima. Mzee yule akaisoma, akacheka, akapunguza. Dada analiendesha hata leo. Ndipo nilipoona ya kuwa kupima si kumdharau mwuzaji. Mwuzaji mwaminifu hupata faida pia, kwa maana hakuna atakayerudi kumlilia mlangoni.

Lakini kwa fungu la tatu usibembelezwe. Nauli ya basi iliyopotea, siku iliyopotea, hata aibu ya kuondoka mikono mitupu, vyote ni vidogo. Sisi tulinunua lile gari jeupe kwa sababu tulikuwa tumekwisha safiri mbali na usiku ulikuwa karibu. Haraka haraka haina baraka. Methali hii twaijua sote tangu utoto, na bado inatugharimu.

Baba mdogo alimaliza mkopo wake. Baada ya miaka mingi alinunua gari jingine, dogo kuliko la kwanza, na safari hii mimi nilikuwa fundi. Tulifika kwa mwuzaji saa moja ya asubuhi. Kabla sijafungua mkoba wangu wa spana, mzee alikwenda moja kwa moja, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakaa hivyo kidogo. "Liko baridi," aliniambia. "Sasa anza kazi."

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika haiaminiki? Taja mambo matatu inayoyaficha.

2. Eleza, kwa kutumia habari za mgandamizo na joto la kuchemka, kwa nini kifuniko kibovu cha rejeta kinaweza kumdhuru mtu katika Nyungwe kuliko kando ya ziwa.

3. Silinda nne zimesoma 11, 11, 7 na 11. Utamwambia nini mnunuzi?

4. Tairi ina alama 0716. Ilitengenezwa lini? Je, utaisafiria leo?

5. Gari lina mikwaruzo, mkanda wa taimingi usiojulikana, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Litie kila kosa katika fungu lake, kisha useme ungefanya nini.